Mwacheni Yancey na Nyasi Zake

Kila wasifu wa Jimmy Yancey niliowahi kuusoma una sentensi moja inayonikera. Huja mapema, na karibu kila mara hujengwa juu ya maneno "licha ya": licha ya kipaji chake kikubwa, mpiga piano huyu alifanya kazi ya kutunza nyasi za Comiskey Park, uwanja wa timu ya besiboli ya White Sox mjini Chicago, kuanzia mwaka 1925 hadi 1950. Hapo mwandishi hushusha sauti kidogo, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye msiba, kisha huendelea na orodha ya santuri.

Nataka kugombana na maneno hayo mawili. Yanajifanya ya huruma, kumbe ni hukumu. Yanadai kwamba tunajua kipaji kinapaswa kwenda wapi, na kwamba Yancey aliachwa na gari. Yanadai pia kwamba nyasi ni adhabu na piano ni thawabu, na kwamba mtu mwenye piano ndani yake akionekana ameshika reki, basi kuna kosa limetendeka. Kosa lilikuwepo kweli, nitalifikia. Lakini si hilo wanalolihuzunikia waandishi hao.

Kwa asiyeijua bugi-wugi: ni piano ya bluzi inayobebwa na mkono wa kushoto. Mkono huo huchagua kifungu kifupi cha besi, mara nyingi mapigo manane katika kila kipimo, na kukirudia bila kuchoka huku mkono wa kulia ukifanya utundu wake juu. Ukitaka kuonja ugumu wake bila piano, tumia meza. Kiganja cha kushoto kigonge mwendo mmoja usiobadilika, kisha mkono wa kulia uuache ugonge jinsi unavyozungumza. Baada ya nusu dakika utagundua kwamba mikono yako ni ndugu wa tumbo moja wasiosalimiana. Muziki huu ulitoka kusini mwa Marekani, Texas na majimbo jirani, kwenye kambi za wakata miti, kandokando ya reli na katika vilabu vya pombe ambako mpiga piano mmoja alilazimika kuwa bendi nzima. Ulipanda kaskazini pamoja na watu. Mwaka 1910 Chicago ilikuwa na watu weusi kama 44,000; kufikia 1930 walikuwa zaidi ya 230,000.

Yancey yeye hakupanda na treni hiyo. Alizaliwa Chicago hukohuko, katika miaka ya 1890. Baba yake alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa wa maonyesho ya jukwaani, na Jimmy mwenyewe alipandishwa jukwaani akiwa mtoto mdogo, akiimba na kucheza ile dansi ya kugonga viatu sakafuni. Alizunguka Marekani, akavuka bahari hadi Ulaya. Inasimuliwa kwamba mwaka 1913 alicheza mbele ya familia ya kifalme ya Uingereza. Katika umri ambao wengi wetu ndiyo kwanza tunajaza fomu za mkopo wa chuo, yeye alikuwa ameshastaafu. Karibu mwaka 1915 aliacha safari, akarudi South Side. Alioa mwanamke aliyeitwa Estelle Harris. Piano alijifunza kwa kiasi kikubwa mwenyewe, ingawa kaka yake Alonzo alikuwa mpiga ragtime na bila shaka kulikuwa na mengi ya kuchungulia. Kisha akaajiriwa uwanjani.

Hebu tazama mfuatano huo. Huyu si mtu aliyesubiri mlango wa umaarufu ufunguliwe hadi akazeeka kizingitini. Alikuwa ndani ya nyumba tangu utotoni, akatoka kwa miguu yake mwenyewe. Wanaomhurumia kwa kukosa jukwaa wanamhurumia kwa kukosa kitu alichokwisha kukikinai.

Sasa twende alikopiga. Watu weusi waliohamia Chicago hawakuruhusiwa kuishi popote walipotaka. Mikataba ya nyumba katika mitaa ya wazungu ilikataza kuwauzia au kuwapangisha, na mahakama zililinda mikataba hiyo hadi mwaka 1948, Mahakama Kuu ya Marekani iliposema basi. Maelfu wakasongamana katika ukanda mmoja wa South Side. Wenye nyumba wakakata nyumba vipandevipande, chumba kimoja familia moja, na kodi ikapanda kwa sababu mpangaji hakuwa na pa kukimbilia. Dawa ya wapangaji ilikuwa karamu ya kodi. Mwisho wa mwezi ukikaribia na hesabu zikigoma, unasogeza vitanda, unapika sufuria kubwa ya miguu ya nguruwe au samaki, unatafuta pombe, ambayo katika miaka ya 1920 ilikuwa marufuku kisheria na kwa hiyo tamu zaidi, na unamwalika mtu wa piano. Majirani wanalipa senti kadhaa mlangoni. Asubuhi mwenye nyumba anapata chake. Mpiga piano anakula, anakunywa, na pengine anaondoka na sarafu mfukoni.

Yeyote aliyekulia kwenye nyumba za kupanga na michango ya mtaani hahitaji maelezo zaidi. Sisi pia tunajua kucheza mchezo wa fedha na kuchangishana ili mtu asitolewe vyombo nje. Ninachotaka uone ni jinsi chumba kile kilivyotengeneza muziki. Piano imebanwa ukutani, mara nyingi haijatyuniwa miaka. Watu wanacheza dansi karibu kabisa na mgongo wa mpigaji. Hakuna kipaza sauti, hakuna ratiba, hakuna anayesubiri wimbo uishe ili apige makofi. Wimbo ukiisha ndipo anapokasirika. Kwa hiyo unahitaji besi isiyokatika, kifungu unachoweza kukizungusha dakika 20 huku ukigeuza shingo kumjibu mtu. Hiyo ndiyo shule aliyosoma mkono wa kushoto wa Yancey, na baadaye ukaifundisha. Albert Ammons na Meade Lux Lewis, vijana wawili wa Chicago waliokuja kuwa majina makubwa kuliko yeye, wote walimtaja kama mtu waliyemsikiliza na kujifunza kwake.

Na alipiga tofauti nao. Lewis anapiga treni. "Honky Tonk Train Blues" aliyoirekodi mwaka 1927 ina magurudumu, maungio ya reli na moshi wake. Ammons anapiga kama mtu anayesogeza kabati. Yancey anapiga kama mtu ambaye chumba cha pili kuna mtoto amelala. Noti zake ni chache. Besi yake mara nyingi haitembei kwa ule mwendo wa askari wa manane kwa kipimo. Inachechemea kidogo, ina mnong'ono wa habanera ya Cuba ndani yake, inaacha matundu, na katika matundu hayo mkono wa kulia unasema neno moja na kunyamaza. Sikiliza "At the Window" ya mwaka 1943 kisha unionyeshe ni wapi mtu huyu anatafuta kukuvutia. Halafu kuna kituko chake maarufu: wimbo uwe katika ufunguo wowote, yeye anaumaliza kwa kifungu kilekile katika E-flati. Ameanza kwa G, anamaliza E-flati. Ameanza kwa C, anamaliza E-flati. Wachambuzi wameliandikia jambo hilo kurasa nyingi za mshangao. Mimi naona ni mtu anayechukua kofia yake kwenye msumari uleule kila anapoondoka.

Santuri zake za kwanza alizirekodi mwaka 1939, akiwa amepita miaka 40, kwa kampuni ndogo ya Solo Art iliyoanzishwa na mhudumu wa baa wa New York aliyependa piano kuliko faida. Mwaka huohuo kampuni kubwa ya Victor ikamwita. Kwa nini mwaka huo? Kwa sababu tarehe 23 Desemba 1938, tajiri kijana aitwaye John Hammond aliwapandisha Ammons, Lewis na Pete Johnson wa Kansas City kwenye jukwaa la Carnegie Hall, na ghafla Marekani nzima ikataka bugi-wugi. Historia inasema Hammond "alimgundua" Lewis mwaka 1935 akiwa anaosha magari Chicago. Neno jingine hilo. Lewis hakuwa amepotea. Watu wa mtaa wake walijua aliko, na ndiyo maana Hammond alipouliza, alielekezwa.

Basi tuwafuate hao waliogunduliwa, maana hapa ndipo hoja ya "licha ya" inapovunjika mguu. Homa ya bugi-wugi ilidumu miaka michache. Tommy Dorsey na bendi yake kubwa waliuza santuri kwa wingi usio na mfano wakipiga wimbo wa Pinetop Smith, ambaye hakuweza kudai chochote: alikuwa ameuawa kwa risasi katika ukumbi wa dansi Chicago mwezi Machi 1929, akiwa na umri wa miaka 24, miezi michache tu baada ya kurekodi wimbo uliolipa jina la bugi-wugi umaarufu. Mwaka 1941 dada watatu wa kizungu, Andrews Sisters, wakaiimba bugi-wugi kwa ajili ya jeshi. Vita vikaisha, masikio yakahamia kwingine. Ammons alifariki mwaka 1949, umri miaka 42. Pete Johnson, yule aliyepiga Carnegie Hall, alihamia Buffalo mwaka 1950, na katika miaka hiyo akafanya kazi ya kuosha malori ya kampuni ya aiskrimu. Akapoteza sehemu ya kidole katika ajali. Akapata kiharusi.

Nimeweka maisha hayo mawili pembeni kwa pembeni mara nyingi, la Johnson na la Yancey, na tofauti ninayoiona ni ya mpangilio tu. Mmoja alishika jukwaa kwanza, ndoo baadaye. Mwingine alishika reki wakati wote, na piano wakati wote. Lakini ni Yancey tu anayepewa "licha ya". Johnson anapewa "kwa bahati mbaya". Hakuna anayesema kwamba biashara ya muziki, ambayo wote tunahimizwa tuingie kana kwamba ni pepo, ilikuwa imewatafuna hawa watu na kutema mifupa, na kwamba aliyesalimika kwa muda mrefu zaidi alikuwa yule aliyekuwa na mshahara wa nyasi.

Nilisema nitalifikia kosa la dunia. Ni haya mawili.

La kwanza liko mle uwanjani. Yancey aliutunza uwanja wa White Sox kwa miaka 25, na katika miaka yote hiyo hakuna mchezaji mweusi hata mmoja aliyevaa jezi ya White Sox katika mchezo wa ligi. Mtu ambaye mwenyewe alikuwa amecheza besiboli ujanani, katika timu za watu weusi, alikuwa akitayarisha udongo ili wengine wateleze juu yake. Mashindano ya nyota wa ligi za weusi yalifanyika humohumo kuanzia mwaka 1933, uwanja ukijaa watu wake, kisha kesho yake mambo yanarudi palepale. Mchezaji mweusi wa kwanza wa timu hiyo, Minnie Miñoso kutoka Cuba, aliingia tarehe 1 Mei 1951. Yancey alikuwa ameacha kazi mwaka uliotangulia. Mkitaka kuhuzunika, huzunikeni hapo. Nyasi hazikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa katika nani aliruhusiwa kukimbia juu yake.

La pili liko mahakamani, na wapenzi wengi wa muziki huu hawalizungumzi kwa sababu linahitaji kusoma sheria kidogo. Mwaka 1936 Lewis alirekodi wimbo aliouita "Yancey Special", kwa heshima ya mwalimu wake. Ndani yake kuna ile besi inayochechemea. Haki za wimbo zikaingia mikononi mwa kampuni ya uchapishaji ya Shapiro, Bernstein. Mwaka 1948 kampuni ya Miracle ya Chicago ikatoa "Long Gone" ya Sonny Thompson, santuri iliyofika kileleni mwa chati za muziki wa watu weusi, nayo ilikuwa imekaa juu ya besi kama ile. Shapiro, Bernstein wakaenda mahakamani. Mwaka 1950, Jaji Michael Igoe wa mahakama ya shirikisho Chicago alitoa uamuzi: besi hiyo ni rahisi mno kulindwa na hakimiliki. Zaidi ya hapo, akasema, kuuza santuri ni sawa na kuuchapisha wimbo hadharani, na wimbo uliotolewa hivyo bila kusajiliwa kwanza umeshakuwa mali ya kila mtu.

Fikiria hali ilivyokuwa. Kampuni mbili zinagombania mahakamani kifungu cha besi chenye jina la mtu, na mtu huyo si mlalamikaji wala mshtakiwa. Anaishi mji uleule.

"Rahisi mno." Nimelibeba neno hilo kwa wiki kadhaa sasa, hata ninapopaswa kuwa naandika sura ya pili ya tasnifu yangu. Rahisi kwa nani? Wapigaji waliosoma piano kwenye vyuo vya muziki wamejaribu kuiga mwendo wa Yancey na kutoka na kitu chenye noti zote sahihi na uhai wowote hakuna, maana matundu yake hayaandikiki vizuri kwenye karatasi. Anachelewa pale karatasi inaposema sasa. Sheria iliangalia noti, ikahesabu, ikaona ni chache, ikafunga faili. Ndivyo na wahakiki walivyofanya, waliomwita msanii wa asili, mtu wa kawaida, mpigaji mdogo mwenye hisia. Uchache wake ulichukuliwa kuwa ufukara. Na watu waliosema hivyo ndio haohao wanaompenda mshairi kwa kufuta maneno.

Sitaki mtu anielewe vibaya hapa, maana kuna njia rahisi ya kuharibu hoja hii. Njia hiyo ni kusema: basi tazama, alikuwa safi kwa sababu hakulipwa, umaskini ulimlinda, pesa huchafua sanaa. Huo ni upuuzi, na mara nyingi husemwa na watu wenye mashamba ya urithi. Yancey alidhulumiwa. Kama besi yake iliuza santuri, alistahili sehemu ya mauzo, kila senti, na ninaweza kusema hivyo na wakati huohuo kukataa kupima muziki wake kwa senti hizo. Deni ni deni. Halijawahi kuwa rula. Nikikukopa shilingi elfu kumi usinilipe, wewe ni mdaiwa mbaya, lakini thamani yangu haijapungua elfu kumi.

Sasa kwa nini haya yanichome mimi, mwanafunzi wa uzamili Afrika Mashariki, miaka zaidi ya 70 baada ya mtu huyo kuzikwa? Kwa sababu maneno "licha ya" yamehamia kwetu na yamepata ajira ya kudumu. Siku hizi huwezi kuhudhuria kongamano la vijana bila mhamasishaji mwenye viatu vinavyong'aa kukwambia kwamba kipaji ni mtaji, kwamba kipaji kisichokulisha ni mzigo, kwamba kama unaimba na hujafungua chaneli basi unachezea bahati. Nimekaa kwenye kumbi hizo. Nimepewa kalamu na daftari vyenye nembo ya mdhamini. Serikali zikishindwa kutupa kazi hutuambia tutazame ndani yetu, eti ajira imo humo, na sisi, watoto wasikivu, tunatazama. Kilichokuwa kikituburudisha jioni sasa kinatakiwa kilipe kodi ya nyumba mchana.

Nina rafiki aliyepiga gitaa vizuri kuliko mtu yeyote niliyemjua kwa karibu. Alikuwa akipiga bwenini usiku, nyimbo za zamani za dansi, bila kuangalia vidole. Tulimshauri, wote, kwa upendo kabisa, aifanye biashara. Akajirekodi, akajitangaza, akahesabu waliotazama. Mwaka mmoja na nusu. Waliotazama hawakutosha, na kwa kuwa alikuwa ameshakubali kwamba kutotosha kwao ni hukumu juu ya gitaa, akaliuza. Sasa anafanya kazi ya benki, kazi nzuri, na hapigi kabisa. Kazi ya benki haikumnyang'anya gitaa. Angeweza kuwa na vyote viwili. Kilichomnyang'anya ni fundisho kwamba huwezi kuwa na vyote viwili bila kuwa umeshindwa kimoja.

Na fundisho hilo si la kwetu kihistoria, ndicho kinachonikera zaidi. Taarabu ya Zanzibar ililelewa na vilabu vya watu wenye kazi zao. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa ya wanachama waliokutana jioni, wakachanga, wakanunua ala, wakapiga. Hakuna aliyewaita walioshindwa maisha. Siti binti Saad aliuza vyungu kabla ya kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Bendi za dansi za Dar es Salaam zilianza kwa sehemu kubwa kama klabu za watu waliotoka kazini. Hata NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ilimweka mwanamuziki kwenye orodha ya mishahara kama mfanyakazi mwingine, na mshahara wake haukutegemea wimbo wa wiki ile umependwa na wangapi. Tuna methali ya jambo hili, na imekaa sawasawa na karamu za kodi za Chicago: mcheza kwao hutunzwa. Haikusema hutajirika. Haikusema hujulikana mbali. Kutunzwa ni wale waliokaribu nawe kusimama, kukufuata ulipo, na kukupachika noti kwenye paji la uso huku wakicheza.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimeshalipokea ana kwa ana kutoka kwa watu ninaowaheshimu: kwamba ninawahubiria maskini wabaki na ufagio. Kwamba ni rahisi kwa mtu aliye chuoni kusifia reki asiyoishika. Sawa. Lakini mimi sijasema reki ni tamu. Miaka 25 ya jua la Julai na baridi ya Machi ya Chicago si utamu. Nimesema kwamba mtu anayekata nyasi mchana hajaacha kuwa mwanamuziki, na kwamba anayemwambia achague ndiye anayetaka kumpunguzia kitu. Anayehubiri ufagio ni yule mhamasishaji, kwa kweli. Yeye ndiye mwenye mizani ya watu wawili tu: nyota, na mfagiaji. Mtu wa tatu, ambaye ndiye wengi wetu tutakuwa, hana jina katika hotuba yake.

Mwaka 1948 Jimmy na Estelle walipiga na kuimba Carnegie Hall. Usiku mmoja. Kisha wakarudi Chicago na yeye akarudi uwanjani, majira ya besiboli ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Nyumbani kwao South Side wageni waliendelea kuingia, wapiga piano wachanga, majirani, wazungu wachache waliosikia habari, na piano ikaendelea kupigwa huku Estelle akiimba kwa ile sauti yake kavu isiyoomba kitu kwa mtu. Kufikia mwaka 1951 Jimmy alikuwa mgonjwa wa kisukari. Mwezi Julai kampuni ya Atlantic iliwaita wote wawili studio, pamoja na mpiga besi Israel Crosby. Katika rekodi zile kasi imepungua zaidi, na matundu yamekuwa mapana zaidi, na bado kila wimbo unakwenda kuchukua kofia yake kwenye E-flati. Alifariki tarehe 17 Septemba, wiki chache tu baadaye.

Estelle aliishi hadi mwaka 1986. Aliendelea kuimba. Mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 87, ilitoka santuri yake mpya aliyoifanya na mpiga piano wa Chicago, Erwin Helfer.